Sekunde Thelathini na Nane za Giza

Saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Mama Mikanda anafunga dirisha la chumba cha mashine na kuvuta pazia zito. Anavaa glavu za pamba, anawasha taa iliyo chini ya kioo cha meza, kisha anauvuta mkanda wa filamu taratibu, picha moja baada ya nyingine. Mkanda unanuka siki. Hiyo ndiyo harufu ya filamu inayokufa, anasema, na akiisikia hata hamu ya chai humtoka.

Ana miaka hamsini na minane. Thelathini na sita kati ya hiyo imeishia humu, juu ya ukumbi wa sinema wenye viti mia mbili na arobaini. Zamani alikuwa mwendesha mashine. Siku hizi kila kitu kinatoka kwenye kompyuta, naye amebakizwa kusafisha na kuunga filamu za zamani kabla hazijahamishiwa huko.

Usidhani anazidharau filamu mpya. Kamera za sasa zina macho ya paka, anasema, na wapo vijana wanaozitumia mpaka yeye anasahau kufumba mdomo. Shida ni kuangalia naye. Watu wakiwa roho mkononi, yeye anasimamisha picha na kuuliza taa inayomulika shavu lile imewekwa wapi. Watoto wake walishamkimbia. Anayemvumilia ni binti yake wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, na hata huyo huja na madaftari ya kusahihisha.

Filamu iliyo mezani leo ina mikanda saba, na ndiyo nakala pekee iliyobaki. Inahamishwa Ijumaa. Imesinyaa kiasi kwamba itapita kwenye mashine mara moja tu, basi. Na kwenye mkanda wa tano kuna pengo alilolifanya Mama Mikanda mwenyewe.

Alikuwa na miezi mitatu kazini. Siku ya kwanza ya filamu hiyo, picha ilifika mahali ikawa nyeusi tii, watazamaji wakaanza kupiga mbinja na kugonga viti. Bosi wake alikuwa amemfundisha kwamba mkanda ulioharibika hukatwa, ukaungwa, kazi ikaendelea. Basi akachukua mkasi. Sekunde thelathini na nane, mita kumi na saba. Kesho yake ukumbi ulitulia, bosi akamsifu.

"Nilijiona fundi," anasema. "Fundi kweli kweli."

Miezi minne iliyopita, akiiandaa filamu hiyo, alifungua karatasi za mpiga picha aliyeipiga, zilizotaja kila tukio na urefu wake. Mkanda wa tano: mwanamke, chumba, kiberiti, sekunde thelathini na nane. Kwenye mkanda tukio hilo halikuwepo. Akaukumbuka mkasi wake, akakaa palepale sakafuni.

Bahati yake, bosi yule alikuwa hatupi kitu. Vipande vyote vilivyokatwa viliwekwa kwenye makopo ya biskuti, na stoo kulikuwa na makopo kumi na tisa. Aliyapekua kwa wiki sita. Katika kopo la kumi na nne akakuta kipande cheusi, akakilaza juu ya taa, akainamia kioo cha kukuzia.

Hapa, akisimulia, anashusha sauti kama aliyeingia msibani. Ndani ya weusi ule kulikuwa na mtu. Kwanza vidole viwili, halafu njiti inayowaka, halafu shavu la mwanamke anayesikiliza mlangoni. Mwisho jicho moja, limelowa. Njiti inazimika, na bado unamwona, kwa sababu hutaki aondoke.

"Nilikuwa nimemkata mtu, nikidhani nakata uchafu."

Mpiga picha yuko hai, ana miaka themanini na mmoja. Mama Mikanda alipiga moyo konde akamfuata nyumbani kwake, akamweleza yote bila kuficha. Mzee naye akamsimulia upande wake. Chumbani hamkuwa na taa yoyote. Ilikuwa njiti ile tu, na kifuniko cha kopo alichokisugua mpaka kikang'aa, akakificha nyuma ya kikombe ili kirudishe mwanga kwenye jicho. Njiti kumi na moja ziliharibika, ya kumi na mbili ikakubali.

Wiki ya pili ya maonyesho alikata tiketi, akaja na mkewe amwonyeshe. Hakuiona picha ile. Akaamini wakubwa wake wameiona mbaya wakaiondoa, akaona haya hata kuuliza. Tangu siku hiyo kila chumba alichokipiga alikimulika kama duka.

"Ulipokata, uliona nini?" mzee alimuuliza.

"Niliona giza, mzee."

"Na sasa?"

Machozi yakamtoka. Mzee hakumwambia kwamba si kitu. Alimwambia aunge vizuri.

Ndicho anachofanya asubuhi hii. Anapaka gundi, anabana, anahesabu kimya kimya, kisha anapitisha ncha ya kidole kwenye kiungo. Anarudia kukipitisha. Hakihisiki.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, na mpiga picha atakaa safu ya mbele. Mama Mikanda amepanga kuwaambia watu alichokifanya. Binti yake hataki. Anasema mama yake anajitafutia aibu ambayo hakuna aliyemdai. Mzee yeye hakukataa, ila ameomba jambo moja: asiseme kabla. Waone kwanza, kwa macho yao, bila kuandaliwa.

"Basi nitangoja iishe," anasema, akivua glavu. "Nitasema ni mimi, taa zote zikiwa zimewashwa."