Benchi la Kwenye Kioo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na mkono wake wa kunyolea ulianza kutetemeka. Kinyozi anayetetemeka hata ndugu humkwepa. Mimi nilibaki mteja wake kwa ajili ya dada, na sikio langu linajua.

Ikabaki njia moja: ukarani serikalini. Mtihani wao hauulizi mkono, na huo ulikuwa wa mwisho kwake, maana umri ukipita hupokelewi.

Mtihani ulijaa mafumbo ya watu waliokaa mstari mmoja. Mwalimu hakai pembeni, mpishi yuko kushoto kwake, nani yuko katikati? Shemeji aliyafumbua akiwa amesimama mbele ya kioo chake kikubwa, akiwakalisha watu kwa mawazo kwenye benchi la wateja lililokuwa nyuma yake. Nafasi ilikuwepo tele, wateja wenyewe wako wapi. Dada akaanza kujiita mke wa karani. Nikamwambia asinunue mbeleko na mtoto hajazaliwa, akaninunia.

Siku ya mtihani shemeji alirudi anacheka. "Mepesi, shem. Karibu yote yalikuwa ya benchi, watu wanakutazama."

Nikakaa na dada kwenye kochi tukimtazama. "Haya, dada ndiye mwalimu. Mpishi yuko kushoto kwake. Nionyeshe."

Akanyoosha kidole kushoto kwake yeye. Dada akainua mkono wake wa kushoto, taratibu. Ulikuwa upande wa pili.

Kwenye kioo, walio benchini hutazama kule kule anakotazama kinyozi, kwa hiyo kushoto kwao ni kushoto kwake. Ndivyo alivyowaona watu maisha yake yote, na wakati wa kujifunza hakugeuka hata mara moja. Niliumia, na nilikasirika pia. Jambo la kitoto namna ile kumzika mtu mzima!

"Yote nimejibu hivyo," alisema, akakaa chini.

Majina ya waliofaulu yalipotoka, hakuwemo. Jioni ile hakuna aliyemlaumu, na nadhani angependa tumlaumu. Alikwenda chumbani, akarudi na mkasi na kitana, akavuta kiti karibu na taa.

"Mlete mtoto nimnyoe," alimwambia dada.

Dada akamvuta binti yao mapajani, akamkumbatia.

"Nywele zake bado fupi," alisema.

Zilikuwa zimemfunika masikio.