Jumamosi Mbili za Ziada

Safari ya kwenda Ngumbo naikumbuka kuliko safari zangu nyingine zote, mwanangu, na mimi nimesafiri sana. Nilitoka Kondoa na begi moja la nguo, na kompyuta niliyoifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Nikalala Iringa, nikalala Songea. Mbinga nilifika asubuhi yenye ukungu, watu wamevaa makoti, nikadhani nimefika. Kumbe bado. Pale nikapanda lori la saruji likashuka milima kona baada ya kona, masikio yakiziba na joto likiongezeka, mpaka ziwa likatokea chini yetu, na ng'ambo yake milima ya Malawi kama moshi. Dereva akaniuliza nina ndugu gani huko ninakokwenda. Nikasema sina. Akabadilisha gia, akasema, "Basi utawapata."

Sikuwa na sababu kubwa ya kwenda. Nilisikia kuna sekondari na hakuna mahali pa kuchapa barua. Elimu yangu ni kidato cha nne, ila vidole vyangu ni vyepesi. Na nilikuwa mtu wa kutotulia: nikikaa mahali miaka miwili, miguu inaanza kuwasha. Hata leo nimevuka arobaini, haijapona. Lakini miguu inayowasha haimkingi mtu na upweke. Usidanganywe na anayesema msafiri hana huzuni.

Nilipanga chumba cha mbele kwa Mama Agnesi, mjane wa Kinyasa aliyeishi kwa kukausha usipa, vile visamaki vyembamba vya ziwa lile. Nikaweka kompyuta na printa, nikafunga sola juu ya bati. Nilichapa matangazo ya kanisa, mitihani ya shule, barua za kuomba kazi. Watu walikuja wakiongea Kinyasa, wakifika mlangoni wakageuza Kiswahili kwa ajili yangu, na kabla hawajamaliza kutoka walikuwa wamesharudi kwenye Kinyasa chao. Hawakunitenga, la. Walinisalimu, walinipa samaki. Ila kicheko chao kilianza pale nilipoishia mimi.

Ndipo akaja Mwalimu Shabani, mwalimu wa Baiolojia, mtu wa Kigoma, kijana wa rika langu.

"Wewe mtu wa Dodoma," akanitania siku ya kwanza, "maji umeyajulia kwenye ndoo. Hili ziwa hulioni kubwa mno?"

"Na wewe umelikimbia lako kwa nini? Dagaa wamewaishia?"

"Sikukimbia. Serikali ilinipanga."

Akacheka, nami nikacheka, na nikashtuka kusikia sauti yangu.

Alikuwa anaomba kusoma shahada ya pili, mambo ya samaki na maziwa. Chuo kilitaka aandike maelezo yake mwenyewe: yeye ni nani, ametoka wapi, kwa nini anataka kusoma zaidi. "Mimi nina digrii, sina kompyuta," akasema. "Wewe una kompyuta, huna digrii. Tukiungana tunapata mtu mmoja mzima." Tukapatana kila Jumamosi mchana, shule ikiwa imetulia.

Rasimu ya kwanza ilijaa Kiingereza kizito. Niliichapa, kisha nikamwambia, "Mwalimu, nimechapa kila neno na bado sikujui. Hebu sema kwa Kiswahili. Unataka kwenda kufanya nini?"

Akaikunja rasimu. Kisha akanieleza kwamba siku moja alichora samaki ubaoni, na wanafunzi wakaanza kumpa majina ya Kinyasa ambayo hayamo katika kitabu chochote alichosoma. Tangu hapo alikuwa na daftari: jina la samaki, msimu wake, mahali anapovuliwa, na lini wazazi wa wanafunzi walimwona mara ya mwisho. "Wananiuliza, samaki fulani ameenda wapi, mwalimu? Nami nawafungulia kitabu cha watu wa mbali. Nataka kusoma ili niwajibu."

Basi tukaandika hayo. Yeye alitafuta Kiingereza, mimi nilimsimamisha kila mahali nilipopotea. Jumamosi ya tatu alisimama karibu na mlango akaisoma yote kwa sauti, toka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Ilikuwa imekamilika. Nilijua. Hata mtu wa kidato cha nne hujua kitu kilichokaa mahali pake.

Lakini nikaona na Jumamosi yenyewe imekamilika. Atatuma, ataitwa, ataondoka, nami nitabaki na printa.

"Mwanzo haujakaa sawa," nikamwambia. "Haraka haraka haina baraka, mwalimu. Njoo Jumamosi ijayo."

Akaniamini. Methali, mwanangu, ni kama panga: mkononi mwa mwenye nia mbaya nayo hukata vilevile.

Alikuja Jumamosi ya nne, tukaondoa neno moja. Akaja ya tano, tukalirudisha. Tulikula ugali na usipa wa Mama Agnesi, tukabishana ziwa lipi lina mawimbi makali, na kusema kweli sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile mbili. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Maombi yalikuwa yafungwe mwisho wa mwezi. Kwetu pale simu ilipokea ujumbe mfupi tu, tena ukitafuta mahali pa kusimama. Kutuma vyeti na barua ilibidi kupanda hadi Mbinga. Mwalimu aliondoka Alhamisi kwa pikipiki, siku moja mkononi. Mvua ilikuwa imeanza milimani. Kijito kimoja kikabeba barabara, akalala njiani mara mbili, akavuka kwa miguu. Alipofika Mbinga, maombi yalikuwa yamefungwa tangu jana yake.

Jumapili aliingia kwangu viatu vikiwa na tope hadi vifundoni. "Limefungwa dirisha," akasema. Kisha akaongeza, "Asante kwa kunihangaikia, kaka."

Asante ile sijaweza kuimeza hadi leo.

Asubuhi yake nikamkuta Mama Agnesi kwenye chanja chake cha samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mvua imepumzika. Nisaidie kugeuza."

Nikageuza. Nikafika mwisho, nikarudi mwanzo, nikageuza tena, mawazo yakiwa mbali. Akanishika mkono.

"Usipa anageuzwa mara moja. Ukimgeuza kila saa anakatika kichwa, na mvua inakukuta ungali unageuza." Akaokota kichwa kimoja kilichokatika, akakitupia bata. "Mimi Kiingereza sijui. Lakini Jumamosi ile ya tatu nilikuwa hapa, nikamsikia yule kijana anasoma kama mtu anayesema jambo lake. Nikajiambia, hii imeiva. Wewe ukamwambia bado. Kwa nini?"

Nikamtazama bata akimeza kile kichwa.

"Ulidhani akiondoka utakula na nani," akasema, wala hakuwa anauliza. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia si lako. Mimi sina haja ya maelezo yako. Kamweleze yeye."

Nilimkuta mwalimu anafua nje ya nyumba za walimu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana hakunipa kigoda. Alikamua shati lilelile muda mrefu, hata maji yalipokwisha kutoka.

"Ungeniambia tu, 'Shabani, njoo tule,'" akasema mwishowe. "Ningekuja. Barua ingekuwepo, isingekuwepo, ningekuja."

Kisha akasema, "Mwaka mzima, kaka." Akalianika shati.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Nilikuwa nawasha kompyuta mchana nikakaa nimeuelekea mlango, nikisikia kuku wanavyoparuza bati la jirani. Tukikutana barabarani alinisalimu vizuri sana, kama mtu anavyomsalimu karani wa ofisi asiyoipenda. Upweke nilioukimbia ulikuwa ule wa mgeni. Niliopata ulikuwa wa mkosaji. Wa kwanza ni mwepesi, mwanangu. Wa kwanza unaweza kuulalia.

Mwaka ukazunguka. Siku moja, katikati ya wiki, akasimama mlangoni.

"Ile ya Jumamosi ya tatu unayo?"

"Ninayo."

Nilikuwa nimeitunza. Ile ya nne na ya tano nilizifuta. Akaisoma kwenye kioo cha kompyuta akiwa amesimama, hakubadili neno. Nikachapa, nikamwekea na vyeti vyake kwenye flashi. Ulikuwa umebaki mwezi mzima na siku kadhaa, lakini nikamwambia, "Nimeshaongea na mwenye pikipiki. Barabara ni kavu. Nenda leo."

Akanitazama. "Mtu wa Dodoma," akasema, "haraka haraka haina baraka."

Tulicheka wote wawili. Si kicheko kama cha zamani, lakini kilikuwa kicheko. Akaenda, akatuma, akaitwa. Siku ya kuhama alipita kuaga, na daftari la samaki likiwa kwapani.

Mimi nilikaa hadi masika yalipoisha, miguu ikaanza kuwasha. Nikafunga kompyuta ndani ya blanketi lilelile.

Basi nisikilize, wewe unayekwenda mbali na wewe unayebaki. Ukimsaidia mwenzako kuandika barua ya kumwondoa, jiulize mkono wako unasukuma au unashika. Kazi ikiisha, sema imeisha, hata kama ndiyo mwisho wa wewe kutembelewa. Nawe unayesaidiwa, sikiliza sauti yako unaposoma. Siku utakayosoma bila kukwama, usimngoje mtu akuruhusu. Tuma mapema, barabara zetu unazijua. Na upweke usiuone aibu. Utamke kwa mdomo wako, mwambie mtu, njoo tule. Usiuingize kwenye kazi ya mwenzako ukauita ushauri.

Asubuhi niliyoondoka Ngumbo, nami sijarudi tena, Mama Agnesi alinifungia usipa kwenye gazeti. "Hawa nimewageuza mara moja," akasema. Lori lilikuwa limeshaanza kuunguruma nilipopanda juu ya magunia. Akaweka kiganja chake kwenye ubao wa lori, kama mtu anayembariki ng'ombe, akanena maneno ambayo nakupa wewe leo, maana mimi nimeyatumia ya kutosha: Mungu akufungulie njia, asiwepo wa kukushika nyuma, na unakofika upate wa kula naye.