Mama Alivyompongeza Kaka

Kaka yangu ni mwigizaji huko Australia, wa jukwaani na wa filamu. Vita vilipotutawanya Katanga alikuwa bado mwanafunzi. Yeye akaangukia kambini Zambia na baadaye Australia. Mimi na mama tukafika Brussels. Huko Australia kaka alianzia kwenye kiwanda cha nyama, jioni akifanya mazoezi na kikundi cha maigizo. Kwa miaka mingi walimpa nafasi za mlinzi na dereva wa teksi, maneno mawili na mlango wa gari. Mama alizitazama zote kwenye simu yangu, sebuleni kwetu mtaani Ganshoren, akiniamuru nirudishe nyuma mpaka chai yangu inapoa. Kisha akawa daktari kwenye tamthilia ya televisheni, akapata filamu, na mwisho jukwaa kubwa, yeye ndiye mhusika mkuu.

Tuliposikia kundi lao linakuja Brussels, mama alinunua poda. Kwetu kijana akifaulu mtihani wa mwisho wa shule humwagiwa poda nyeupe kichwani na mabegani, mtaa mzima ujue. Wenzake kaka walimwagiwa. Yeye alikuwa ameshakimbia. Jambo hilo lilimkaa mama rohoni kuliko hata nyumba tuliyoiacha.

Ndege yao ilichelewa, kaka akatuma ujumbe kwamba tutaonana baada ya onyesho. Nilikasirika. Mtu hajamshika mama yake mkono tangu ujana wake, eti baada ya onyesho! Mama hakukasirika. Alivaa kitenge kipya, akatia kopo la poda mkobani.

Tuliketi mstari wa mbele kabisa. Jukwaa lilikuwa sakafu tu, mbele ya miguu yetu. Kaka alikuwa mkulima mzee aliyeuliwa ng'ombe wote na ukame. Alisema Kiingereza, na juu yake Kifaransa na Kiflamandi vilipita kwa maandishi. Mama hakuinua macho hata mara moja kuyasoma. Alimtazama mtoto wake.

Ikafika mahali mkulima anasema peke yake, anasema sana, halafu ananyamaza. Kimya kikawa kirefu. Kanisani kwetu mtu akisema vizuri namna ile na kunyamaza, basi amemaliza, na akina mama huinuka kumpongeza. Mama akainuka. Nilimshika kitenge, kikaniponyoka.

"Mutoto yangu!" alisema, akammwagia poda kichwani na mabegani, akicheka na kulia kwa pamoja.

Kaka hakupepesa jicho. Macho yake yalipita juu ya kilemba cha mama, yakaenda mbali kwa ng'ombe wake waliokufa. Kisha akaendelea na maneno yake, mabega meupe. Mhudumu wa ukumbi alimshika mama kiwiko akamrudisha kitini. Moyo wangu ulivunjika pale pale, na onyesho lilikuwa bado refu.

"Hakuniona," mama alininong'oneza. "Nilisimama pale, hakuniona."

Watu walipiga makofi kwa nguvu. Nje ya ukumbi bibi mmoja Mbelgiji alikuja kumshika mama mikono, akamwambia kwamba kipande chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Alidhani naye ni mwigizaji. Mama alitabasamu kwa adabu.

Ndipo kaka akatoka mbio, hata hajabadili nguo. Kiswahili chake kilikuwa bado cha mtoto wa shule.

"Maman, pardon. Nilikuona. Kama ningekuangalia, ningeshindwa kuendelea, yote ingeharibika. Ni kazi, maman."

Nilingoja mama amkumbatie, au amzabe kofi. Lolote kati ya hayo ningelishukuru. Mama alimnyooshea mkono.

"Merci, monsieur," akasema, kwa Kifaransa chake cha kuongea na madaktari. "Vous avez bien joué." Bwana, umeigiza vizuri: kama anayemwambia mgeni.

Kaka, ambaye mbele ya ukumbi mzima hakutikisika, alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wageni na makoti yao, mkono wa mama bado umo ndani ya mikono yake miwili.

Mama alimtazama kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo. Kisha akanigeukia.

"Angalia ule muntu," aliniambia. "Ata kulia anajua."