Chafya Inafika Wapi

Kila nikisikia harufu ya chaki, namkumbuka mwalimu wetu wa kike wa darasa la pili, Tabora. Wiki ile mafua makali yalikuwa yamewalaza wenzetu wengi.

Mwalimu akasimama chini ya picha ya Mfalme wa Waingereza, akauliza, "Chafya ya mtu inafika wapi?"

Akasaga chaki kiganjani, akaipuliza kwa nguvu. Unga ukaelea polepole kwenye mwanga wa dirisha, ukatua juu ya nywele za rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja.

"Inafika hapo," akasema, "na mafua yanaifuata."

Nikautazama ule unga. Mwili ulikuwa unaniwaka tangu asubuhi, nami nilinyamaza kwa sababu sikutaka kupitwa na masomo. Lakini nyumbani kwa rafiki yangu kulikuwa na mtoto mchanga. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi naumwa."

Hakunigombeza. Akafungua madirisha yote, akaniruhusu niende nyumbani.

Jioni rafiki yangu akaja, akasimama mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya ile njia pana waliyopita wapagazi wa misafara zamani. Akanisomea somo la siku kwa sauti kubwa, nami nikajibu kutoka mlangoni. Nilijiuliza kama sauti nayo hubeba mafua. Alikuja hivyo mpaka nilipopona, na hakuugua.

Siku ile ya kwanza mama alitoka jikoni kuuliza kelele ni za nini.

"Si kelele, mama," nikamwambia. "Tuko darasani."