Siku Niliyomfuta Mama wa Bi Harusi

Nyie chekeni tu, maana hata mimi ningesimuliwa ningecheka, ila mwenzenu siku ile nilitoka ukumbini kwa mlango wa jikoni, napenya katikati ya masufuria ya pilau kwa kuogopa macho ya watu, na hadi leo nikiona kitenge cha sare ya sendofu ile, sherehe ya kumuaga bi harusi, nageuza njia.

Kazi yangu mnaijua, kupiga video kwenye shughuli hapa Mpanda. Sasa nilikuwa na eksteno yangu, ile diski ya kuchomeka pembeni ya laptop, terabaiti moja nzima, nikamwazima shemeji yangu Daudi akapigie windo, yaani aweke mfumo upya kwenye kompyuta ya rafiki yake. Aliporudisha, inasoma gigabaiti thelathini na mbili tu! Shemeji akasema, "Haijapotea hiyo nafasi, imejificha. Nikirudi kutoka Mishamo nitakurudishia." Mimi nikaona kungoja ni ushamba, mtandaoni si wamejaa wa kufundisha?

Basi asubuhi ya sendofu ya Mwajuma, binti wa Mzee Sadiki muuza vitenge pale sokoni, nikaamua nijirudishie mwenyewe, maana nilihitaji pa kuhifadhia video za siku hiyo. Na hapo kwenye laptop nilikuwa nimechomeka pia eksteno ya Mzee Sadiki. Ndani yake kulikuwa na video ya marehemu mkewe, Bi Zuhura, amekaa uani kwao Sibwesa anamenya mihogo, anamwachia binti yake maneno ya ndoa huku anacheka. Simu iliyomrekodi ilishaibiwa, nakala ilikuwa hiyo hiyo moja (na laptop yangu imejaa pomoni, sikuwa na pa kuihamishia). Mzee alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, zikaja diski mbili za nje, ukubwa sawa (kule huonyeshwa diski nzima, hata nafasi iliyojificha), majina hakuna. Nikajisemea yangu ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo niliyoitanguliza kuchomeka. Nikaandika amri ya kusafisha, nikaifomati, nikatazama: terabaiti nzima imerudi! Nikapiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akauliza kupitia dirishani kama nimeposwa. Nikachomoa zote, nikatupia kwenye mkoba, huyo ukumbini.

Wakati wa zawadi MC akanikabidhi maiki nitangaze video ya familia. Nachomeka eksteno ya mzee, nafungua: tupu. Nachomoa, narudisha: tupu. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni, ukumbi mzima umekaza macho kwenye projekta, nami badala ya kusema kweli nikatangaza, "Samahanini, umeme unatusumbua kidogo." Mpwa wa mzee akakimbia kuwasha jenereta. Likanguruma. Nikasema ni waya, MC akaleta waya mwingine, mpya kabisa. Jamani, kila aliyenisaidia alikuwa ananichimbia kaburi!

Shemeji Daudi, ambaye alikuwa amesharudi, akanifuata pale mezani. Nikainama nikamnong'oneza, "Shemeji, nimekosea diski. Nimemfuta mama yake Mwajuma."

Maiki ilikuwa kwapani kwangu, imewashwa. Spika zote zikasema.

Mwajuma akainuka kwenye kiti chake cha maua, akauliza taratibu, "Mama? Mama alikuwa humo?" Mzee Sadiki alivua kofia, akaishika mapajani, hakunitazama. Aliyesema ni shemeji, tena kwa ukali: "Chomoa, usiweke kitu humo! Ukiandika juu yake ndiyo basi tena."

Hapo ndipo nikapita jikoni.

Kesho yake shemeji alikuja na diski yake tupu ya kuhamishia na programu ya kufukua vilivyofutwa, nami nilikaa pembeni nimekunja mikono kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, chai imepoa. Mafaili yalirudi bila majina, ikabidi tufungue moja moja: mbuzi, duka, watu wasiojulikana, video nyingine hazifunguki kabisa. Halafu tukasikia kicheko, na kisu kinakwaruza muhogo. Nililia kwa sauti. (Ile nafasi yangu aliirudisha baadaye, akachomeka diski moja tu, kumbe siri yote ndiyo hiyo.)

Nikaipeleka dukani kwa Mzee Sadiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Aliitazama amesimama, mteja ana kitenge mkononi anangoja, mpaka ikaisha. Akajifuta macho.

"Itoe kopi," akasema. "Moja yangu, moja ya Mwajuma. Ya tatu apewe shemeji yako. Wewe, mwanangu, usikae nayo."

Nikasema ndiyo mzee. Na siku hizi nikitaka kufuta kitu, hata meza, kwanza natazama nimeshika nini.