Mausi ya Mwalimu Peniamina

Peniamina hakuficha: kisiwa cha Savai'i kilimchefua. Mtu aliyetengeneza tovuti za hoteli za Apia, mji mkuu wa Samoa, leo katupwa Salelologa, chumba cha nyuma ya soko, awafundishe wauza magimbi kubuni kurasa za mtandao! Mama Matilita, mkuu wake kule Apia, alimpa sharti moja tu.

"Nipatie mwanafunzi mmoja anayeweza kushika darasa hilo. Siku hiyohiyo panda feri urudi."

Mmoja tu. Mwenye akili angefurahi. Peniamina alinuna.

"Buni!" aliwafokea wanafunzi. "Toeni vitu vichwani mwenu, kama vimo!"

Mzee Tanielu, mkaanga panikeke, vile viandazi vya mviringo, akachagua rangi ya waridi. Mwalimu akaruka kama kamwagiwa mafuta.

"Mzee wangu, hii tovuti au keki ya harusi? Hebu sogea."

Mzee akasogea, mausi ya kompyuta ikahamia mkononi mwa mwalimu. Alirekebisha vizuri, hilo tusimnyime. Rangi zikatulia, picha zikakaa mahali pake, na mzee muda wote huo akatazama mgongo wa shati la mwalimu.

"Umeona?"

Mzee akainua nyusi, ambako kwao ni kusema ndiyo. Darasa zima liliinua nyusi kila siku. Nyusi zile zingeinuka hata kama angewauliza wameona tembo, kwa sababu mwalimu haambiwi hapana usoni. Peniamina ni Msamoa, alilijua hilo tangu utotoni. Lakini zilimfaa, basi akaziamini, mpuuzi yule.

Aliyemsumbua ni Sieni, msuka mikeka. Ukurasa wake haukuwa na kichwa wala vitufe. Mkeka mmoja ulijaa skrini nzima, na maneno yalikuja baadaye, chini kabisa, madogo.

"Bei iko wapi? Jina la duka liko wapi?"

"Nikitandaza mkeka sokoni sisemi kitu, mwalimu. Mtu anauangalia kwanza. Akiupenda ataniuliza mwenyewe."

Peniamina akaisogelea skrini. Ukurasa ulikuwa mzuri. Aliuona ni mzuri, na roho ikamuuma kwamba haukutoka kwake.

"Mtandao si soko, dada. Sogea."

"Niache nikosee mwenyewe kidogo."

Mzee Tanielu akakohoa. Wengine wakainamisha vichwa.

"Unanijibu mimi?"

Sieni akaomba radhi, akasogea. Mwalimu akaufuta mkeka wote, akaweka kichwa, vitufe na bei. Tangu hapo Sieni akawa mwanafunzi bora wa darasa: mikono mapajani, nyusi juu. Peniamina akajisifu kwamba hatimaye kafundisha.

Mama Matilita alikuja kukagua darasa, kwa feri ya asubuhi. Wanafunzi walimpikia nguruwe na palusami, majani ya magimbi kwa tui la nazi, kisha kurasa zao zikaoneshwa ukutani. Zote safi, zote zimepangika, zote ndugu wa baba mmoja. Begi la Peniamina lilikuwa limeshafungwa, limesimama mlangoni.

"Nzuri," alisema mama. "Sasa, ni nani huyo mmoja?"

"Sieni," akajibu Peniamina, kifua mbele.

"Haya mwanangu, njoo. Nitengenezee ukurasa wa yule muuza samaki hapo nje. Anza mwanzo kabisa."

Sieni akaketi. Skrini ilikuwa nyeupe. Akaweka mikono mapajani, akatulia.

"Anza basi," Peniamina akamnong'oneza.

Sieni akainua nyusi. Mausi haikuguswa. Nje mtu alikuwa akinadi bei ya samaki.

"Sieni, jamani! Chochote tu!"

Ndipo msichana akainuka, akainama kama anayepita mbele ya wakubwa, akamvutia mwalimu kiti.

"Tulou, samahani mwalimu. Nilikuwa nakusubiri wewe. Kaa."

Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Angemkejeli, Peniamina angepata la kujibu. Akabaki ameshika mgongo wa kiti, na darasa zima likimngoja kwa adabu aanze kazi.

Mama Matilita akageuka, akatazama mlangoni.

"Begi lile la nani?"

"Langu, mama."

"Liondoe njiani. Watu watajikwaa."