Mugonjwa Aliyekuwa Gerezani

Mudogo wangu aliiba betri ya gari, kosa lake la kwanza katika maisha, na tribinali ikamupiga miaka mitano, adhabu ya juu kabisa. Ilikuwa wakati wa vita, wizi ulikuwa umezidi mjini, na juje, mwenye kukata kesi, alisema wazi kwamba anataka mufano kwa wezi wengine. Mufano! Kijana ambaye hata ndevu hana.

Gerezani hawalishi mutu. Familia ndiyo inaleta chakula. Basi mimi yaya yake, mukubwa wake wa kuzaliwa, mwalimu, mutu wa kuheshimiwa huku Bagira, nilikuwa nafunga bugali na sombe mu kikwembe na kushuka mjini. Wenye kuniuliza niliwajibu, "Napelekea mudogo chakula ku hopitali." Kule pia familia ndiyo inalisha wagonjwa, nani atajua? Aibu ilinifundisha uongo haraka sana. Mu shirika, kile kikundi cha majirani tunaosali nao kila juma, walianza kumuombea. Maman mumoja alinipa sabuni ya kumufulia mugonjwa nguo. Nilipokea, Mungu wangu, na nikasema aksanti.

Kisha avoka, mwenye kumutetea mudogo, akakata rufaa. Akaniambia, "Tutawaonyesha kwamba hii adhabu imepita kiasi kwa mutu ambaye hajawahi kukosa. Lakini niletee jirani wa kuapa kwamba kijana hakuwa mwizi kabla ya hii betri."

Jirani! Wote walijua yuko kitandani ku hopitali.

Nilisimama mu shirika, nikasema yote. Hakuna aliyenitukana, afazali wangenitukana. Papa mumoja, muzee anayetuongoza mu sala, alikohoa tu, akauliza, "Tribinali ni siku gani?"

Siku hiyo alikuja, na juje akamuuliza huyo Papa kama anamujua mushitakiwa.

"Tangu ubatizo wake. Hajawahi kugusa kitu ya mutu. Ningejua, ningekuja tangu ile kesi ya kwanza. Sisi tuliambiwa iko mugonjwa, tulikuwa tunamuombea apone."

Watu walicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Juje yeye hakucheka. Alipunguza mpaka mwaka mumoja.

Nilimukimbilia mudogo wangu inje, kabla polisi hawajamupandisha mu gari ya kumurudisha gerezani, nikicheka na kulia kama mujinga. Yeye hakucheka.

"Yaya," akaniuliza polepole, "kama ningekufa mule ndani, ungewaambia nimekufa na ugonjwa gani?"